Herufi L

Mwalimu Masatu hakutupa ufunguo.
Siku tatu tulisukuma pikipiki zilizozimwa
kwenye kiwanja cha vumbi kule Nyakato,
tukizungusha nane katikati ya mawe yaliyopakwa chokaa.
Mwanza mawe hayajawahi kuadimika.
"Kilo mia na kumi na tano," alisema.
"Zijue kwa mgongo
kabla hazijakujua kwa goti."

Bujiku, aliyebeba abiria miaka miwili,
Igoma, Buhongwa, usiku, mvua,
bila karatasi yoyote
ila noti iliyokunjwa ndani ya kofia ngumu,
alisema yeye amefuata cheti, si masomo.
Akaiangusha kwenye jiwe la pili.
Mwalimu alitukataza kucheka.
Tulicheka baadaye, kwenye chai.

Mimi nina miaka thelathini na minane
na mitungi ya gesi ya kupeleka vilimani.
Nilipanga foleni ya namba ya mlipakodi,
nikapigwa picha nisiyotabasamu,
nikaziba jicho moja, nikaziba la pili,
nikasoma ukutani hadi mstari wa mwisho,
herufi ndogo kama macho ya dagaa.
Wakanipa karatasi: jifunze, usibebe mtu.

Kibao nilikikata kwenye ubavu wa ndoo ya rangi,
nikaandika L kwa kalamu nyekundu.
Baba akakigeuzageuza.
"L ya nini?"
"Ya kujifunza."
"Kujifunza haina L."
Kweli, haina.
Akafikiri mpaka uji ukapoa.
"Basi ni ya balabala,"
akacheka kabla yangu,
Msukuma mzima anayejua anachokosea.

Kaka yangu Ngasa hakuwahi kufunga L.
Alifundishwa Jumapili, baada ya ibada,
Jumatatu akapakia.
Sasa yuko Bugando, wodi ya mifupa,
mguu umeshikwa vyuma kama dirisha la duka.
Kutoka kitandani analiona ziwa lote,
na meli zikiingia,
na pikipiki chini huko, ndogo, zikipenya.
"Ile haikuwasha indiketa," ananiambia.
"Na ile. Na ile."
Siku hizi anajua sheria zote.

Jumatano mvua ilivuka ziwa bila hodi.
Nilimkuta Holo kwenye geti la shule,
mkoba kichwani, soksi zimelowa.
"Mama, nipakie."
Nyumbani hapafiki hata kilomita moja.
Barabara ilikuwa tupu.
Hata trafiki walikuwa wamejibanza kibandani kwa muuza vocha.
Nikageuka kukitazama kiti cha nyuma:
maji yalikuwa yamekikalia
kama abiria aliyekwisha kulipa.

Nikazima.
"Shika hapo nyuma," nikamwambia. "Sukuma."

Hakuniuliza kwa nini. Alininunia,
ambayo ni mbaya zaidi.
Tukaikabili Mabatini, maji ya matope yakitupita miguuni,
mimi kwenye usukani, yeye kwenye keria,
tairi likigoma, likiburuzika, likigoma.
Nikadhani ni mlima.
Nikadhani ni umri.
Pikipiki tatu zilitupita, kila moja na watu wawili nyuma,
na wa tatu akapunguza mwendo,
akaninamia chini ya kofia inayochuruzika:
Bujiku.
Nikajiandaa kuchekwa.
Alikitazama kibao, akamtazama mtoto,
akanitazama mguu.
"Dada Nkwimba," akasema taratibu,
"toa gia."

Siku tatu za kiwanja cha vumbi!
Nikaitoa.
Ikajongea mbele nyepesi kama mbuzi aliyefunguliwa,
na Holo, aliyeapa kutosema nami hadi usiku,
akacheka kwa sauti hadi akameza mvua.

Tulipofika wino ulikuwa umechuruzika.
Mkia wa L umefutika,
imebaki fimbo tu, nyekundu, imesimama.
Nitaichora upya kesho, kwa rangi ya mafuta.
Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo.
Holo anasema nisisahau gia.