Ukurasa wa 212

Jaji ameniandikia kwa kalamu nyekundu:
"Niletee kesi hii kabla ya saa nane."
Nikashuka ngazi za Milimani, mkono ukutani,
hadi ghala la vitabu, ambako taa moja
huwaka ikipenda.

Makokha na Wenzake dhidi ya Magunia ya Athi,
mwaka wa tisini na nne, ukurasa wa 212.
Jina zuri. Lina uzito wa jina la kesi.
Nikapuliza vumbi, nikafungua.

Ukurasa wa 212 upo.
Juu yake yupo bwana mmoja wa Limuru
aliyekutwa na baiskeli isiyo yake,
akakata rufaa, akashindwa.
Magunia hakuna. Makokha hakuna.

Nikajaribu tisini na tatu. Tisini na tano.
Nikapiga simu Kisumu; karani wa kule akacheka:
"Hata wewe? Huku wiki hii ni ya tatu."

Miaka ishirini na sita nimeishi na watu wa vitabuni.
Namjua aliyeuza shamba la mama yake mama yungali hai,
namjua aliyefungwa kwa kuku wawili na jogoo.
Lakini huyu Makokha hakuwahi kuzaliwa
na tayari ameshinda,
amelipwa fidia na gharama juu yake,
na jaji asiyekuwapo amemsifu kwa subira.

Saa nane. Wakili Kithome amesimama,
suti imenyooka, ulimi unajikunja.
"Mheshimiwa, ni kijana wa ofisini..."
Kijana wa ofisini anatazama viatu vyake.
"Mheshimiwa, ni ile mashine..."
Mashine haikula kiapo.
"Uliisoma?" Jaji anauliza. Neno moja tu.
Feni inazunguka.

Benchi la nyuma, Teresia Ndanu,
aliyeacha vidole viwili kiwandani,
anamgusa jirani begani kwa vile vilivyobaki:
"Wamesema nini kuhusu mkono wangu?"

Ombi limetupiliwa mbali.

Jioni nikirudisha kitabu mahali pake
ndipo nilipokumbuka. Rafu ya chini, karibu na bomba linalovuja:
themanini na saba, kiwanda cha mkonge, Thika,
mwanamke, mkono wa kushoto.
Alishinda.
Kurasa zimegandana kwa unyevu.
Nikazitenganisha polepole, kwa kucha.
Kadi ya waazimaji, nyuma ya jalada,
haina jina hata moja.