Chumvi ya Aini

Buraimi tukipika, chumvi twaomba Aini,
Mara ngapi tulivuka, kandambili miguuni,
Kisha waya ukafika, ukapita mtaani:
Dada yangu Zuweina, yuko nchi ya jirani.

Falaji haina pasi, yapita chini ya waya,
Mie, hata karatasi, ikikunjwa ni hizaya,
Wapwa waniita, basi, “mgeni”, si kwa ubaya;
Kahawa yangu huletwa, sebuleni, si jikoni.

Mkoa tumejaliwa, na liwali na bendera,
Ofisi yafunguliwa, ina fomu za ajira,
Harithi kaajiriwa, langoni, kwa mshahara.
Ndiye aniulizaye: “Mama, wafuata nini?”

Sare yamkaba shingo, Kiarabu atamka,
Nimeegemea lango, Kiswahili chanitoka,
Na nyuma yangu msongo, wa honi zinazofoka:
“Chumvi, mwanangu Harithi. Chumvi imekwisha ndani.”