Saa Tatu na Robo

Fulana yako ililia, Taavet, saa tatu na robo,
mlio mwembamba kama wa birika iliyosahaulika jikoni.
Ukavua kofia ya chuma, kanuni ndivyo isemavyo,
ukalala chali kwenye nyasi tepetepe za kinamasi cha Võru.

Nilikuja na ubao wangu na kalamu iliyoganda wino.
Nikakupa bahasha. Ukaifungua kwa meno:
amekufa papo hapo.
Hakuna machela, hakuna wa kukuziba jeraha.
Ukacheka. "Afadhali, Sajini. Tangu alfajiri sijaketi."

Basi ukafa vizuri.
Ukafa ukichuma vitunda vyekundu vya kinamasini,
vichachu kuliko ndimu, kimoja kimoja,
glovu umeilaza kifuani.
Ng'ambo ya kijito waliobaki hai walitukanana kwa Kiestonia,
baruti ikinguruma bila risasi,
na ndani ya kila mlio, mwanga,
uzi usioonekana, usiotoboa hata jani.

Mimi nina ufunguo. Nikiuzungusha fulanani
maiti anaamka, anapangusa magoti, anaulizia chai.
Siku ile nilifufua kumi na wanne kabla ya mchana,
na kiuno kikaniuma.

Jioni, bandani, tukawasha skrini.
Kila mtu nukta. Buluu sisi, nyekundu wao.
Mashine haina rafiki, haina "nilidhani."
Meja akauliza: nani alimwangusha ishirini na saba?
Mstari ukajichora polepole
na haukutoka ng'ambo ya kijito.
Ulitoka nyuma yako, hatua thelathini,
kwenye nukta ya buluu ya Ranno Kivistik.

Ranno, uliyekuwa naye dawati moja tangu mna mapengo.
Alikuwa kando yako, kijiko mdomoni.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema,
lakini nguo hii mlipewa siku moja, foleni moja,
na yeye ndiye aliyekufunga vifungo vya mgongoni.

"Unanidai maisha," ukamwambia, ukampiga kikumbo. "Nitalipwa kwa bia."
Banda zima likacheka.
Kwenye fomu kuna kisanduku cha kosa hilo,
kidogo, karibu na ukingo. Nikatia alama.

Usiku nilitoka kujisaidia. Barafu ilikuwa imeanza kushika ndoo.
Kati ya mahema mtu alikuwa akitembea bila taa,
akihesabu kwa sauti ya chini.
Alipofika thelathini akageuka,
akatazama alikotoka.
Akaanza tena, moja.