Mia Tatu Arobaini na Saba

Maktaba ya chuo, ghorofa ya pili, Moshi.
Tangu saa mbili nimeziba masikio kwa spika
narudia sekunde nne za mazishi ya Mbokomu:
matarumbeta kumi na moja, ngoma moja,
mvua juu ya turubai.
Wimbo wanaujua tangu kipaimara,
ila wakifika kwenye mi,
mi haipo.
Wala si ma, ile mi iliyoshushwa nusu toni.
Imesimama mlangoni kama mgeni
asiyeambiwa karibu, asiyeambiwa kwaheri.

Nikaipima. Kompyuta haina haya:
senti mia tatu arobaini na saba.
Vitabu vina mia tatu, vina mia nne;
hapo kati vimenyamaza.

Msimamizi wangu, Dokta Kalokola,
husahihisha kwa kalamu ya kijani
kwa sababu nyekundu, anasema, inaua.
Pembeni mwa sura ya nne ameandika:
*Hili ni kosa, au ni mfumo?
Chagua. Kisha utetee.*

Wiki ya tatu hii sijachagua.
Nimechora majedwali, nimeyafuta.
Mama kapiga simu kutoka Himo:
“Hiyo shahada ya uzamili ya muziki,
ukimaliza utakuwa unapiga nini?”
Nikamwambia sipigi, mama. Naeleza.
Akanyamaza mapigo manne kamili,
nikayahesabu, ndiyo kazi yangu.

Jumamosi nikavuka reli kwenda Pasua
kumtafuta Ndelilio Mmari, mpiga baritoni.
Nikamkuta kazini, chali chini ya sinki la watu,
maana siku za kazi yeye ni fundi bomba.
Nikaiweka simu juu ya ndoo,
nikamsikilizisha sekunde zangu nne.
Akacheka mpaka spana ikamponyoka.

“Hiyo? Hiyo ni pikapu ya Eliapenda!
Tunateremka kutoka Uru, mwaka wa Elinino,
akaparamia tuta, baritoni ikaruka.
Bomba la kitufe cha pili likakwama nje,
upana wa kidole gumba. Haliingii, halitoki.
Mimi, fundi bomba, nikashindwa na bomba langu.
Jumapili ile nilipiga peke yangu huko chini,
nikatamani sakafu ya kanisa inimeze.
Jumapili iliyofuata wenzangu wote
walilegeza midomo, wakanifuata.
Hakuna aliyesema neno. Hata nyumbani,
hata kwenye mbege, hakuna.
Sasa ninayo mpya, nimeinunua Arusha,
bomba linateleza kama samli.
Lakini nikiipiga mi ile ya dukani
naona kama nawatukana.”

Akaomba nimshikie tochi.
Nikamshikia mpaka maji yakaacha kudondoka.

Usiku nikafungua faharasa za vitabu vyote vitano.
Herufi A inaanzia akodi.
Adabu haimo.

Programu ya noti nayo ina alama mbili tu,
ya kupandisha na ya kushusha,
ukikosea inakupigia mstari mwekundu
kama mwalimu wa darasa la pili.
Basi nikachapa ukurasa wa mia na kumi na mbili,
nikachukua kalamu ya wino,
na mbele ya kila mi ya Mbokomu
nikachora kialama changu:
bomba dogo, limechomoza kidogo.

Sura ya nne haijaisha vizuri.
Kosa nimeliandika, mfumo nimeuandika,
kati yao nimeweka “na”,
Dokta atanikamata hapo, najua.

Leo, stesheneri ya Double Road,
kijana wa kujalidi kashika ukurasa, kauinua kwenye taa.
“Dada, hapa wino umekuvujia. Nikufutie?”
“Acha.”
Akauangalia tena. Akaniangalia.
“Kwenye nakala zote sita?”
“Zote sita.”