Na Wengineo

Halmashauri hunilipa kwa herufi.
Mia tatu kwa kila moja, nukta bure.
Kila Mwenge unapokaribia kupita Ihomelo
napakiwa kwenye pikapu na kopo la rangi nyeusi,
nakuja kuliamsha jiwe la kando ya lami
pale magari ya Songea yanapoanza kukata kona.

HAPA AMELALA LUTENI K. HOLLMANN
1917
NA WENGINEO

Nimelirudia mara saba. Nalijua kama meno yangu.
Najua aliyenitangulia alikuwa mtu wa ulanzi:
saba yake ya mwisho ilikaa kama moja,
na kwa miaka minne vita ile ilipiganwa kabla ya wakati wake,
walimu wakawafundisha watoto hivyo hivyo.
Hakuna aliyekufa kwa kosa hilo. Waliokufa walishakufa.

Mwaka huu ukungu ulikuwa mzito, Juni yenyewe,
brashi inaganda, vidole havinisikii.
Bibi Sikitu Mligo anauza viazi pale pale,
ndoo zake zimeliegemea jiwe kama ng'ombe kwenye ua.
"Kamwene," nikamwambia, "sogeza kidogo, mama."
Akasogeza ndoo moja. Akabaki anautazama mkono wangu.
"Hao wengineo," akasema, "wana herufi ngapi?"
Nikahesabu. Kumi. Elfu tatu.
"Wote?"
Wote.

Akacheka kicheko cha mtu aliyepunjwa.
Babu wa baba yake alitolewa shambani, mbegu ingali mkononi,
akatiwa begani ncha moja ya machela.
Juu ya machela, Luteni na homa yake.
Siku tatu za kupanda, mvua, bila chumvi.
Luteni alikufa mara moja, akapigiwa bunduki;
wabebaji walikufa mmoja mmoja,
kila mmoja akifukiwa na aliyefuata.

"Mligo ni shilingi ngapi?"
Tano. Elfu moja na mia tano.
Akanipimia sado ya viazi, akaijaza mpaka ikafanya kichwa.

Nikamwambia mbele kuna mwenyewe, kuna serikali.
Akazunguka nyuma ya jiwe, upande unaotazama mashamba,
akausugua kwa pindo la kitenge.
Rangi nyeusi ilikuwa ya kuhesabiwa. Akamtuma mjukuu nyumbani,
akarudi na nusu kopo ya buluu, masalio ya mlango.

Habari haina breki kwenye mteremko.
Saa nne alikuja mzee Mhema na mayai.
Akaja binti wa kwa Nyagawa, kwa deni.
Ngimbudzi akalalamika: herufi tisa!
na mtu mwenyewe, wanasema, alikuwa mfupi kama kinu.
Mmoja hakuwa na jina ila la utani, Kifaranga,
wala hapakuwa na ukoo wa kumdai. Huyo nilimwandika bure.
Nikafika kumi na moja. Jiwe likaisha.
"Na waliobaki?" akauliza mtoto.
Brashi ikataka kuliandika lile neno.
Nikaishika.

Mwenge ulipita kesho yake, saa sita na robo,
ving'ora, vumbi la pembeni, mwendo wa themanini.
Hakuna aliyesoma mbele. Nyuma nani angesoma?

Nimepita tena Machi, nikienda msibani Makambako.
Nikamwomba dereva dakika moja, akanipa nusu.
Mvua za huku hazina adabu kwa rangi ya zabuni:
Luteni amebaki LUT na vidoa,
NA WENGINEO imekwenda na maji, yote, hadi mtaroni.
Nyuma, rangi ya mlango imeng'ang'ana.
Viazi vimechanua vyeupe hadi miguuni pa Kifaranga.
Bibi Sikitu hakuwepo. Ndoo zilikuwepo.
Na chini kabisa, karibu na udongo,
kwa mkaa, mwandiko wa mtoto,
N imegeuka inatazama nyuma,
jina la kumi na mbili.