Mahali pa Kupigia Picha

Fomu ya ruzuku ina kurasa kumi na nne.
Kisanduku cha tisa kinauliza: mahali pa kupigia picha.
Niliandika kwa wino wa buluu, herufi kubwa,
NYUMBA YA MAMA NABINTU, FUNU, JUU YA NGAZI,
nikachora na mshale, asije mtu wa wizara akapotea
ndani ya Kadutu, kati ya bati na bati.

Huo ulikuwa mwezi wa tisa, mvua ya kwanza.

Biro ikasema: nakala sita. Nikatoa sita.
Biro ikasema: nakala bila muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi.
Mwenye muhuri alikuwa Kinshasa, kwenye semina,
semina ya kuharakisha mambo.
Aliporudi, wino wa muhuri ulikuwa umekauka.
Nikanunua wino. Naomba hili liandikwe mahali fulani:
mwaka ule, kwa upande wa sinema,
mimi ndiye niliyeipa serikali ruzuku.

Cirhuza, mshika kipaza sauti wetu, alicheka hadi akakohoa.
Tuna kamera ya kuazima na betri mbili, moja haiamki.
Umeme wa Ruzizi tunausikia ukivuma juu ya vichwa vyetu
ukienda kwa wengine.
Ukirudi ghafla usiku wa manane tunahariri haraka haraka,
kama wezi walioachiwa mlango wazi.

Na sheria ipo, nimeisoma, ni sheria nzuri.
Ina mfuko. Mfuko una kamati, kamati ina viti,
na viti, nasikia, vimekwisha kulipiwa.
Kifungu kimoja kinataka filamu ionyeshwe
katika ukumbi unaotambulika.
Ukumbi wetu wa zamani siku hizi ni bohari ya saruji.
Ukutani ungali ule mraba mweupe,
na magunia yamepangwa safu safu kuukabili,
watazamaji walioambiwa wangoje kidogo.

Ngojangoja huumiza matumbo.
Huku kwetu huumiza kuta.

Mwezi wa nne, alfajiri, nilipanda Funu kupima mwanga.
Kilima kikashuka.
Hakikukimbia. Kilishuka kama mtu aliyechoka kusimama.
Mama Nabintu alitoka na wajukuu na sufuria ya maharagwe,
akakumbuka mfuniko, akaurudia (mfuniko, jamani!),
akatoka tena, akafunga kufuli kwa mazoea.
Nyumba ilimwachia hatua mbili.
Simu ilikuwa mkononi mwangu.
Sekunde kumi na moja: mlango wa kijani unapita,
wima, umefungwa vizuri,
unateremka na heshima zake kuelekea barabarani.

Mwezi wa sita barua ikafika.
Dosye yako imekubaliwa kimsingi.
Kimsingi. Nililikodolea macho neno hilo,
mimi niliyeuona msingi ukienda zake.

Nikarudi biro kueleza kwamba kisanduku cha tisa kimeporomoka.
Bwana Zihindula alivua miwani.
Kubadili mahali, alisema, kunataka cheti cha komini
na picha ya mahali pa zamani, pakiwa pazima.
Nikampa simu.
Akazitazama zile sekunde. Akaziomba tena.
Mara ya tatu akamwita mwenzake wa kodi,
na yule mama wa mashine ya nakala, na askari wa mlangoni,
wakajibana juu ya kioo chenye ufa,
wala hapakuwa na aliyekohoa.
Nikahesabu: watazamaji wanne,
watano na mimi.

"Hii nayo ni filamu?" akauliza.
Sijui, nikasema. Fomu inataka dakika sitini.

Akavaa miwani, akapapasa droo akitafuta kalamu.
Nikampa yangu, ile ya buluu.
Hajanirudishia.