Shilingi Arobaini kwa Kilo

Mwitanga, wilayani Sikonge, mwezi wa kumi na moja,
mvua ya kwanza bado inabishana na vumbi.
Mtendaji alipanda juu ya kreti la soda akasoma:
shilingi arobaini kwa kila kilo ya tumbaku,
misimu mitatu;
chama cha msingi kikope benki leo, sisi tulipe mdogo mdogo,
shule ipate paa.
Wanaokubali, nyoosheni.
Mia mbili na kumi na mmoja.
Wanaokataa.
Sitini na wanne.
Mkono wa nne kutoka mwisho, ule wenye gundi nyeusi ya majani vidoleni,
ulikuwa wangu.

Siombi radhi. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na umri.
Boma lile tulilijenga mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza:
kila kaya tofali mia, maji ndoo kumi.
Tukaambiwa bati ziko njiani.
Mwanangu akatambaa, akaota meno, akayang'oa, akaoa,
bati ziko njiani.
Mpapai ukaota darasa la tatu, ukazaa.
Mbuzi wakasoma humo bila sare.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona jani.
Mimi niliumwa na boma.

Tena kilo ya tumbaku si kilo ya maneno.
Ni kuni, ni moshi, ni kukesha bani wiki nzima
ukichungulia kipimajoto kama mgonjwa wako.
Mtu akikuambia "arobaini tu",
muulize hiyo "tu" ameilima wapi.

Kabula, mke wangu, alinyoosha kwa wale wa kwanza.
Tulirudi nyumbani njia moja,
kila mtu ukingo wake.

Soko lilipofunguliwa, wakakata.
Karani alinionyesha kwa ncha ya kalamu:
marobota tisa, kilo mia tano arobaini,
makato elfu ishirini na moja na mia sita.
Majembe mawili, na chumvi.
Nikaenda shuleni kuyatafuta majembe yangu.

Mpapai ulikuwa umeng'olewa.
Sakafu ilikuwa ngumu, ya baridi; nilivua kandambili nikaikanyaga
kama mtu anayejaribu ng'ombe kabla ya kulipa.
Juu, bati. Pembeni, mfereji unaoteremka hadi kwenye tangi.
Sikusema kitu. Bati huweza kumdanganya mtu, hung'aa.

Ila mlangoni palibandikwa karatasi,
mwandiko wa mwalimu Nkuba, umelala kushoto:
bati mia na ishirini, misumari kilo kumi na nane,
fundi, msaidizi wa fundi, chai ya fundi,
na chini kabisa, kwa wino mwingine:
"Saruji mfuko mmoja, ulipasuka njiani,
tulizoa nusu."

Nikaisoma mara mbili.
Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniandikia kilichomwagika.
Nikavua kofia. Joto tu, nilijiambia.

Mvua ikanikuta palepale.
Zamani mvua ndiyo ilikuwa kengele ya kwenda nyumbani,
daftari kwapani, mbio.
Sasa ilipiga bati hadi mwalimu akapotea sauti;
midomo inacheza, maneno hayafiki.
Akacheka, akageukia ubao, akaandika.
Na mjukuu wangu Mwashi, aliyezoea kuandikia gotini,
akaegemea dawati, akanakili,
hakuinua uso hata kuniona.

Mwaka huu wameita tena mkutano.
Shilingi kumi zaidi, vyoo vya wasichana.
Wanaokubali, nyoosheni.
Mkono wangu haukunyooka sawasawa.
Ulifika usawa wa sikio, ukasita hapo.
Karani akasimama mbele yangu na daftari:
"Na huo, Mzee Msabila, unakuna au unakubali?"
Kabula alikuwa ananitazama.
Nikasema, andika.